Wangapi Wamekusalimu Mwaka Huu?

Wifi yangu ni mtafiti wa damu. Sisemi magonjwa ya damu, nasema damu yenyewe: inavyochotwa, inavyokaa kwenye kichupa, inavyosafiri, na inavyoweza kumsingizia mtu ugonjwa asiokuwa nao. Watu wakisikia "mtafiti" wanamfikiria mtu wa miwani na koti jeupe anayeongea kwa mafumbo. Miwani anayo. Koti jeupe analo pia, na mfuko wake wa kushoto umetoboka kwa kalamu. Mafumbo hana hata moja. Ukimuuliza swali atakujibu mpaka ujute kuuliza.

Mimi ni msusi. Nina saluni ndogo yenye viti vitatu, kioo kirefu na maneno mengi. Nawaambia mapema kabla hamjaambiwa na majirani. Kaka yangu, fundi wa friji, ndiye aliyemuoa. Siku aliyomleta nyumbani kumtambulisha, Mama alihangaika jikoni tangu asubuhi. Mgeni wetu akafika, akanawa mikono, akakaa, akamtazama Mama miguuni, akauliza, "Mama, miguu hii huvimba jioni?"

Jamani! Hata maji hajanywa! Nikamkonyeza kaka: huyu umemwokota wapi? Kaka akacheka. Kaka yangu ni mtu wa kucheka tu. Friji ikikataa kugandisha anacheka, mwenye friji akija juu anacheka vilevile.

Kwa hiyo sikumpenda upesi. Na mawifi gani hupendana upesi? Nikampachika jina, Daktari wa Vichupa, nikijua litamuuma. Wiki iliyofuata nikamkuta kazini kwake anakunywa chai, na jina hilo ameliandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kikombe chake. "Wenzangu wote wamelipenda," akaniambia. Hapo nikaona huyu hakomoleki, itabidi nitafute njia nyingine. Sijaipata mpaka leo.

Sasa niwaeleze habari ya miguu ya Mama, maana kila kitu kilianzia hapo.

Miguu ilikuwa inavimba kweli. Mama alikuwa bado anakaa kwenye nyumba yake ya zamani, mbali na mji, na zahanati ya huko haikuwa na mashine za kupima mambo makubwa. Wakamchoma sindano, wakatia damu kwenye kichupa, kichupa kikatiwa mfukoni kwa kijana wa pikipiki, na pikipiki ikaja mjini kwa ile barabara ambayo hata mbuzi huipita kwa kuchagua pa kukanyaga. Majibu yakarudi: figo zimekwisha. Kuna chumvi moja kwenye damu inaitwa potasiamu, figo ikichoka hupanda, na ya Mama ilikuwa imepanda kupita kiasi.

Nyumba ikawa ya kilio. Shangazi zetu wakaanza kuja kumwangalia wakiwa na nyuso za msiba, na mgonjwa mwenyewe ndiye anawapikia chai. Mama akakatazwa ndizi, akakatazwa maharage, akakatazwa karibu kila kitu anachokipenda. Sote tulilia isipokuwa mtu mmoja. Bibi harusi wetu, ambaye hata zawadi za harusi hajamaliza kuzifungua, alisimama mlangoni akauliza, "Hiyo damu ilifikaje mjini?"

Nilimrukia. "Mama anakufa, wewe unauliza mambo ya usafiri?"

"Ndiyo, wifi," akasema. "Ilifikaje?"

Kesho yake akamleta Mama mjini. Akamwomba atolewe damu tena, palepale hospitali, akaibeba mwenyewe mkononi hadi maabara, polepole, kama mtu aliyebeba bakuli la supu lililojaa. Mashine ikasoma. Potasiamu ilikuwa ya kawaida, na figo za Mama zilikuwa nzima. Miguu ilikuwa inavimba kwa kusimama kutwa nzima na kwa mishipa iliyozeeka, basi.

Alitueleza mezani, na kwa mara ya kwanza nilimsikiliza bila kununa. Damu ina chembe nyekundu, na ndani ya chembe kuna potasiamu nyingi. Ukizitikisa sana, hasa zikiwa zimekaa muda mrefu, zinapasuka kama mayai kwenye pikipiki, na kilichokuwa ndani kinamwagika. Mashine haijui kama kimemwagikia mwilini au barabarani. Yenyewe inasoma tu, na daktari anaamini.

"Kwa hiyo," Mama akauliza, "ndizi naruhusiwa?"

"Ndizi ruksa, Mama."

Mama akala ndizi nne papo hapo, tukimtazama.

Nashukuru. Nalisema wazi, ingawa mawifi hatuna mazoea ya kusema hivyo: kama yule mwanamke asingeuliza swali lake la usafiri, Mama yangu angeishi miaka yake iliyobaki akisubiri kufa kwa ugonjwa wa barabara.

Wengine wangeishia hapo. Wifi akajiuliza: ni akina Mama wangapi wamelizwa hivi? Akaanza utafiti. Alipanda pikipiki yeye mwenyewe, akiwa na vichupa vya watu waliojitolea, vingine vimeachwa vilivyo, vingine damu yake imeachwa itulie kwanza, ikazungushwa kwenye mashine, yale maji ya juu yakatengwa, ndipo yakasafiri. Alikwenda na kurudi, kiangazi na masika. Siku moja alirudi ametapakaa tope toka kichwani, kisanduku cha vichupa amekikumbatia, kikavu! Kaka alimtengenezea kisanduku kingine kwa sponji ya mlango wa friji, na huo, nadhani, ndio ulikuwa uchumba wao wa kweli.

Jibu likapatikana: damu itulie, itengwe, ndipo isafiri. Akaandika makala fupi. Haikuchapishwa kwenye majarida makubwa ya nje. Ilichapishwa na jarida la chama cha wafanyakazi wa maabara, karatasi nyepesi, linalogawiwa kwenye mkutano wao na kuishia kufungia vitumbua. Lakini ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani, aliandika hivi: "Mwandishi anamshukuru mama mkwe wake, aliyekubali kutolewa damu mara ya pili."

Mama aliuomba ukurasa ule. Ukatiwa fremu, na alipohamia kwa kaka akahama nao, ukatundikwa sebuleni juu ya redio. Hakuna mgeni aliyekanyaga nyumba ile akaondoka bila kuonyeshwa. Aliyekuja kusoma mita ya umeme alionyeshwa. "Mimi nimo kwenye kitabu cha madaktari," Mama anasema, na mtu wa watu anabaki anatikisa kichwa akiwa na bisibisi mkononi.

Ni Mama pia aliyetufundisha kuielewa kazi ya wifi. Siku moja alimbana: "Mwanangu, ukishaandika, halafu?"

"Halafu watu wanasoma, Mama."

"Utajuaje kama wamesoma?"

"Wakija kuandika za kwao, wananitaja. Wanasema, fulani alishaliona jambo hili, mtazameni. Kwetu tunaita kunukuliwa. Chuo ninakofundisha kinahesabu umenukuliwa mara ngapi, ndipo kinajua uzito wako."

Mama akawaza, akapiga paja. "Si salamu hiyo! Mtu anapita mlangoni kwako, anakusalimu, ndipo anaendelea na safari yake."

Wifi alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Tangu hapo hakuna aliyesema kunukuliwa tena nyumbani kwetu. Kila mwaka ukiisha Mama huuliza, "Haya, wangapi wamekusalimu mwaka huu?" na wifi hufungua kompyuta, kwa sababu siku hizi kuna mitambo inayohesabu hayo, akamsomea.

Basi sikilizeni hesabu ilivyokuwa. Ana makala nyingi, za miaka mingi. Iliyosalimiwa kuliko zote ni ya damu ya watoto wachanga, kazi kubwa iliyofanywa na watafiti wa mataifa kadhaa, majina yamejipanga kama foleni ya maji na la wifi liko katikati huko linasukumwa. Hiyo inasalimiwa dunia nzima. Mama akasema, "Hizo ni salamu za ukoo mzima, si zako peke yako," na inaelekea chuo nacho kiliona hivyohivyo. Ipo nyingine ya vichupa kwenye friji umeme ukikatika, kaka ameshukuriwa humo kwa ufundi wake, nayo inapata salamu za wastani. Ila ile ya pikipiki, mtoto wake wa kwanza, aliyoiongoza mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho? Salamu chache miaka ya mwanzo, kisha kimya.

Na kimya chenyewe kilitokana na nini? Na kufaulu! Wizara iliipenda kazi ile, ikatengeneza bango: kichupa, pikipiki, na maneno "Itulie kwanza, isafiri baadaye." Bango likabandikwa kila maabara, nchi za jirani zikalichukua, likaenea. Jina la mtu halikuwekwa. Walioandika baadaye walilitaja bango, na waliofuata hawakutaja chochote, maana jambo linalojulikana na kila mtu halitajiwi mwenyewe. Nani anamtaja aliyetuambia tunawe mikono?

Mimi lilinikera. Nilimwambia, asante ya punda ni mateke. Yeye akasema, "Wifi, damu zinafika salama. Unataka nini tena?"

"Nataka uwe Profesa!"

Msidanganyike na unyenyekevu wake, alikitaka kile cheo. Alikuwa Profesa Mshiriki, na chuoni kwao mshiriki akifika umri wa kustaafu anarudisha funguo na kwenda zake. Profesa kamili huruhusiwa kubaki na maabara yake akaendelea kufundisha. Wifi alikuwa na darasa la watu wa zahanati za mbali, wale wachota damu ambao hakuna mwingine anayewafundisha, na asingekuwa na pa kuwafundishia. Kamati ya vyeo ilikuwa imemrudisha zaidi ya mara moja, sababu ileile: kazi aliyoiongoza mwenyewe haijatajwa vya kutosha. Sasa ilikuwa nafasi ya mwisho, kabla ya kustaafu. Mkuu wa idara yake, bwana mmoja mwenye moyo mzuri na tumbo la kutangulia, alimwambia, "Dada, ile kazi ya pikipiki ingetajwa upya, hata na makala moja tu yenye uzito, kamati isingekuwa na pa kushika."

Mimi nilishawatangazia wateja wote. Nilishanunua hata kitambaa cha gauni lake la sherehe.

Jumamosi moja alikuja saluni kusukwa. Wifi hajui kukaa bure, kwa hiyo amekaa kwenye kiti, kompyuta mapajani, mimi nimekishika kichwa. Alikuwa anahakiki makala. Hiyo ni kazi yao nyingine: jarida likipokea makala, mhariri humpelekea mtafiti mwingine aisome aseme kama inafaa. Msomaji huyo hatajwi jina, na yeye naye hawajui waandishi ni akina nani, ili mtu aseme kweli bila kuogopa wala kupendelea. Kila mmoja yuko upande wake wa pazia.

Ghafla akacheka kwa sauti, kichwa kikaniponyoka. Nikatazama kiooni, nikaona machozi.

"Nimekuvuta?"

"Hapana, wifi." Akaifunika kompyuta, maana hairuhusiwi mwingine kuona. "Kuna watu wameandika kwamba maabara nyingi zina desturi ya kuitenga damu kabla ya kuisafirisha. Wanasema asili ya desturi hii haijulikani, na hakuna aliyewahi kuipima. Basi wao wameipima."

"Wamepata nini?"

"Nilichopata mimi. Kilekile."

Kitana kilinidondoka. Wateja wakageuka. Nikasema, ewe Mungu, sasa umekuja na jibu limejileta lenyewe! "Si unaandika tu, waambie wamtaje mwenyewe?"

"Niambie ningeandikaje," akasema, akifuta miwani.

Kesho yake tulikalia jambo hilo nyumbani, Mama, kaka, wifi na mimi. Mkuu wa idara alishapiga simu baada ya wifi kumuuliza tu utaratibu, bila kumwonyesha chochote, na ushauri wake ulikuwa mwepesi: andika mstari mmoja, "waandishi waitazame makala hii," uendelee na mengine. Kila mtu hufanya.

"Umesikia?" nikasema. "Kila mtu hufanya! Na wewe si mwizi, ni mali yako."

"Ni yangu," wifi akasema. "Lakini nikiwa nyuma ya pazia nikaamuru 'mtajeni mama huyu', na mama huyu ni mimi, nitakuwa najipigia debe kwa sauti ya mtu mwingine. Waandishi hawawezi kukataa, wanataka makala yao ipite. Nimewakemea wengi kwa mchezo huo."

"Basi nyamaza," kaka akasema, na siku hiyo hakucheka. "Wahakikie kazi yao, iishe."

"Nikinyamaza nimewaachia waandike kwamba asili haijulikani. Na inajulikana. Imetundikwa pale juu ya redio."

Tukatazama juu ya redio.

"Sasa," Mama akauliza, "hao watoto wamekusalimu au hawajakusalimu?"

"Hawajanisalimu, Mama. Hawajui kama nipo."

Alilisema neno hilo, halafu nikaona limemgeukia mwenyewe: asiyejua kama upo atakusalimuje? Wifi akainuka, akaenda ukutani, akaishusha fremu. Makala yenyewe alikuwa nayo kwenye jalada, ila ukurasa wa mwisho ulikuwa ni huo mmoja tu aliobaki nao, na kioo kilikuwa kimegandamana na karatasi kwa miaka. Akaupiga picha ukiwa ndani ya fremu hivyohivyo, na waya wa redio ukionekana pembeni.

Kisha akamwandikia mhariri. Alitusomea, na nitawapa kwa kifupi: Kazi hii ni nzuri, imepimwa vizuri kuliko ilivyopimwa zamani, ichapishwe. Ila asili ya desturi inajulikana, na ni mimi. Makala yangu hii hapa, ilitoka kwenye karatasi tu, waandishi hawana kosa kutoiona. Nalitaja jina langu na kutoka nyuma ya pazia. Kwa kuwa ukweli huu unaninufaisha, msiutegemee uhakiki wangu. Tafuteni mhakiki mwingine, mwamue ninyi.

"Mhakiki mwingine!" nikapiga kelele. "Hiyo si miezi? Na kamati inakaa lini?"

"Kamati inakaa kabla," akasema.

"Kwa hiyo umejikata mguu mwenyewe."

"Huenda."

Akabonyeza, ikaenda. Mimi nikachukua mkoba wangu nikaondoka bila kuaga. Nilinuna, jamani, nilinuna kwelikweli. Alikuja saluni nikampa msaidizi wangu amsuke, na akasukwa upande, na hakulalamika.

Ikawa kama tulivyohofia. Mhariri alijibu kwa heshima, akashukuru, akasema anatafuta mhakiki mwingine. Kamati ikakaa. Mkuu wa idara aliwaeleza kwamba kuna makala njiani, wakamwambia iliyo njiani haihesabiki mpaka ifike. Wifi akarudishwa. Alirudi nyumbani siku ile akavua viatu mlangoni, akasema, "Imeshindikana," akaenda kukosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Kaka alisimama kando yake akivifuta. Ndipo hasira yangu yote ilipoyeyuka, nikabaki na uchungu tu.

Kitambaa nilimshonea gauni hivyohivyo. Alilivaa siku ya kumuaga. Wachota damu wa zahanati za mbali walijazana ukumbini, wengine wamesafiri tangu alfajiri, na kila aliyepewa nafasi ya kusema alianza, "Profesa wetu." Mkuu wa idara alikohoa kidogo mara ya kwanza, kisha akaacha, na zamu yake ilipofika naye akasema Profesa. Wifi akarudisha funguo, akapokea saa ya ukutani, akatushukuru wote, akanishukuru na mimi kwa gauni, mbele za watu. Kikombe chake cha Daktari wa Vichupa alirudi nacho nyumbani.

Nikadhani habari imeishia hapo. Alianza kulima mchicha nyuma ya nyumba, na kila mche ulipandwa kwa vipimo.

Asubuhi moja nilikuwa uani namsuka Mama. Nywele zake sasa ni nyeupe na chache, unazisuka kwa kubembeleza. Wifi akatoka ndani na kompyuta mikononi, miguu mitupu, mchicha ameukanyaga bila kujua.

"Imetoka," akasema.

"Nini?"

"Ile makala."

Akakaa kwenye kigoda akaanza kusoma. Pale mwanzo palipokuwa pameandikwa asili haijulikani, sasa palisema desturi hii ilipimwa kwa mara ya kwanza na fulani, likafuata jina lake lote, na jina la lile jarida la karatasi nyepesi. Wala si katikati ya foleni. Sentensi ya kwanza, mlangoni kabisa.

"Salamu hiyo!" nikapiga vigelegele. "Imechelewa lakini imefika!"

"Ngoja, wifi. Kuna ukurasa wa mwisho."

Sauti yake ilibadilika. Akavua miwani, akaivaa tena, akasoma: "Waandishi wanamshukuru mtafiti aliyejitaja ili kusema kweli, ingawa hakuna aliyemlazimisha. Wanamshukuru pia mama mkwe wake, ambaye picha ya ukurasa wake katika fremu tumeibandika ukutani maabara kwetu. Alikubali kutolewa damu mara ya pili. Bila mkono wake tusingekuwa na jambo la kupima."

Mama akamgeukia wifi.

"Soma tena," Mama akasema.

Akasoma tena.

"Ni watu wa wapi hao?"

"Mbali, Mama. Mimi mwenyewe sijafika."

"Na wanaujua mkono wangu?"

"Wanaujua, Mama. Wamekusalimu."

Mama akakunja mkono wa gauni lake taratibu, akautazama ule mkono, pale kwenye kiwiko kwa ndani sindano inapoingia. Mimi nilikuwa nimeshika msuko mmoja mkononi na nimesahau wa kuufunga na upi. Nililia, nawaambia, na sioni haya.

"Na umewaitikia?" Mama akauliza.

"Bado, Mama. Nimeiona sasa hivi."

"Salamu huitikiwa, mwanangu. Wasije wakasema tuna maringo. Andika."

Wifi akaweka vidole tayari. Mama akajiweka sawa kwenye kiti, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

"Waambie nipo. Waambie tunawashukuru, na wakipita huku wasile hotelini. Waambie miguu bado inavimba jioni, lakini figo ni nzima na ndizi nakula."

Wifi akaandika yote, hata ya ndizi, akayatuma.